Sura ya Nne: Kwani Jumba la Sanaa la Chuo Kikuu ni la Nani?

Swali hili huja kwa sura nyingi. "Mimi si mwanafunzi pale, mlinzi atanipitisha?" "Kiingilio ni kiasi gani?" "Na nikishaingia nifanye nini, maana mambo ya sanaa siyajui?" Wanaouliza ni watu wazima wenye akili zao: mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani, mhasibu aliyestaafu. Wanapita nje ya chuo kila siku, wanaliona bango la maonyesho limefungwa kwenye uzio, na safari yao inaendelea.

Maswali mawili ya kwanza ni mepesi. Majumba mengi ya aina hii yako wazi kwa yeyote. Getini ukiulizwa unakwenda wapi, sema unakwenda kuona maonyesho. Beba kitambulisho, andika jina lako kwenye daftari la wageni kama lipo, pita. Kuhusu pesa, mengi hayatozi chochote. Majumba ya vyuo vikuu vya Yale na Harvard kule Marekani ni bure, jumba la Fowler la Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles ni bure, na Ashmolean la Oxford ni bure pia, isipokuwa baadhi ya maonyesho maalumu.

Swali la tatu ndilo lenye kazi. Kabla ya kulishika, tukubaliane maana. Ninaposema jumba la sanaa la chuo kikuu, nakusudia mahali ambapo chuo kinatunza picha, sanamu, nguo, vyombo na samani, kikavitumia kufundishia na kuvionyesha. Vitu vyote ambavyo jumba linamiliki, vya ukutani na vya ghalani, kwa pamoja huitwa mkusanyo. Kwa kawaida sehemu kubwa ya mkusanyo iko ghalani. Hilo tutalirudia, kwa sababu lina faida kwako.

Malalamiko ya mwaka 1710

Hofu ya kwamba majumba haya si ya watu wa kawaida ni ya zamani, na imekuwa na makosa tangu zamani. Mwaka 1683 Chuo Kikuu cha Oxford kilifungua Ashmolean, jina lililotokana na Elias Ashmole aliyekikabidhi mkusanyo wake. Kiini cha mkusanyo huo kilikuwa kazi ya watunza bustani wawili, baba na mwana, wote wakiitwa John Tradescant. Walikuwa wameokota kila cha ajabu kilicholetwa na mabaharia: silaha, nguo, makombe ya baharini, hata dodo aliyekaushwa, yule ndege wa Morisi asiyeruka ambaye leo hayupo tena duniani.

Mwaka 1710 alifika hapo msomi Mjerumani, Zacharias Conrad von Uffenbach, akitarajia utulivu. Bahati yake mbaya, ilikuwa siku ya gulio. Akakuta jengo limejaa watu wa mashamba, wake kwa waume, waliolipa peni sita wakaachiwa waingie. Aliandika kwa uchungu kwamba hata wanawake waliruhusiwa, kwamba watu walikimbia huku na huko wakishikashika kila kitu, na kwamba msimamizi alipowakemea hawakumjali.

Nayapenda malalamiko yake. Alitaka kuwadharau, akatuachia ushahidi kwamba katika jumba la chuo kikuu lililo mfano kwa mengine yote, wauza mayai na wachunga kondoo walikuwamo ndani hata kabla ya karne ya 18 kufika nusu yake. Hiyo ya kushikashika tu ndiyo tusiwaige.

Veranda ya Makerere

Chuo kinataka nini na picha? Mwanafunzi wa jiolojia hupewa jiwe alishike. Mwanafunzi wa sanaa, wa historia, hata wa udaktari anayejifunza kutazama mwili kwa makini, naye anahitaji kitu chenyewe mbele ya macho yake, si picha yake kitabuni. Kwetu Afrika Mashariki, mfano mkubwa uko juu ya kilima cha Makerere, Kampala.

Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa mke wa daktari, alianza kufundisha kuchora kwenye veranda ya nyumba yake. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa Namirembe, papo hapo Kampala, na mwaka 1939 zikafika London. Darasa likawa idara, idara ikawa shule yenye jina lake, na mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kikapata jumba la kuonyeshea sanaa. Angalia mpangilio huo: maonyesho yalitangulia jengo kwa takribani miaka thelathini. Mara nyingi ndivyo ilivyo vyuoni. Watu huanza kuonyesha kazi, na kuta huja baadaye.

Orodha ya waliopita hapo inafahamika hata kwa watu ambao hawajawahi kusikia habari za jumba hilo. Gregory Maloba kutoka Kenya ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, yule mama aliyeviringishwa vitambaa mwili mzima akimwinua mtoto juu. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, na mandhari ni ya vilima vya Ukikuyu, si ya Ulaya. Baadaye alianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Rosemary Karuga, mmoja wa wanawake wa kwanza kusoma sanaa Makerere, alitumia miaka mingi kufundisha shule, kisha ukubwani akasifika kwa picha alizozibandika kwa vipande vya makaratasi ya sabuni na pakiti za unga.

Halafu yupo Sam Ntiro wa Machame. Alisoma Makerere, akaenda London kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, akarudi kufundisha, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wake Uingereza. Slade walimfundisha sheria zote za kuonyesha umbali: kilicho mbali kiwe kidogo, vivuli viangukie upande mmoja, barabara ijibane inapokwenda. Yeye akarudi kuchora migomba na watu wadogowadogo wakilima, wakibeba, wakijenga, kila mmoja akiwa na nafasi yake na bila kivuli cha kumtambulisha kama yuko karibu au mbali. Mwaka 1960 jumba la MoMA la New York lilinunua picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Watu husema alichora kama mtoto. Mimi naona mtu aliyefundishwa sheria, akazielewa vizuri, kisha akaziweka kando.

Jambo hilo lilikuwa ugomvi wa kweli pale Makerere. Trowell aliamini kwamba Mwafrika asifundishwe mbinu za Ulaya zikaharibu jicho lake. Aliwasimulia wanafunzi kisa, nao wakachora walichokiona moyoni. Nia ilikuwa njema, ila ndani yake kulikuwa na mlezi anayeamua mtoto ajue nini na asijue nini. Alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, aliyeleta historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi na kuchora mwili wa mtu kwa kumtazama. Kwa hiyo ukiwa Makerere mbele ya kazi mbili, moja ya miaka ya 1940 na nyingine ya miaka ya 1960, jaribu kukisia ni mwalimu yupi aliyesimama nyuma ya mchoraji. Jumba la kawaida hununua picha zilizokwisha kusifiwa. La chuo huhifadhi pia mabishano yaliyozizaa, na mgeni anakaribishwa kushika upande.

Usitoke kilimani kabla ya kupita maktaba kuu kuona sanamu ya Francis Nnaggenda kuhusu majeruhi wa vita, aliyoichonga miaka ya 1980 kwenye gogo la mti: mwili usio kamili ambao bado umesimama. Waganda waliokuwa wakipita hapo miaka hiyo hawakuhitaji kibao cha maelezo.

*Kwa kifupi hadi hapa: jumba la chuo limejengwa kwa ajili ya kufundishia, lakini umma umekuwa ukiingia tangu mwanzo. Thamani yake haiko katika umaarufu wa kazi zake pekee. Iko pia katika maswali ambayo kazi hizo ziliwekwa pale zizue.*

Kwa nini picha ya mwaka jana haipo?

Wageni hukasirika. Walimleta ndugu kutoka mbali aone mchoro fulani, na ukutani kuna mwingine. Maelezo ni haya: kuna maonyesho ya kudumu, yaani vitu vinavyokaa mahali pamoja kwa miaka, na maonyesho ya muda, yanayodumu wiki au miezi kadhaa kisha yakashushwa.

Michoro ya karatasini na vitambaa ndivyo vinavyoshushwa upesi zaidi, na sababu kubwa ni mwanga. Kanga inayoanikwa juani kila siku hupauka, na hakuna sabuni itakayoirudishia rangi. Karatasi na wino navyo ni vivyo hivyo, tena mwanga wa taa tu unatosha. Majumba mengi huweka vitu hivyo kwenye mwanga wa takribani luksi 50. Luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Ofisi ya kawaida ina luksi 300 hadi 500, na jua la mchana laweza kufika 100,000. Kwa hiyo chumba kikiwa na kiza kidogo, hawabani umeme. Simama dakika mbili macho yazoee.

Maonyesho ya muda huundwa na msimamizi wa maonyesho, yaani mtu anayechagua vitu, kuviomba kwa wenyewe, kuvipanga na kuandika maelezo. Kazi yake huanza miaka kadhaa kabla ya mlango kufunguliwa. Mfano unaotugusa ni maonyesho ya sanaa za Waswahili yaliyofunguliwa mwaka 2017 katika jumba la Krannert, Chuo Kikuu cha Illinois, yakisimamiwa na Prita Meier na Allyson Purpura. Vitu vilikopwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Bait Al Zubair ya Muscat, miongoni mwa wengine. Mwaka 2018 maonyesho yakahamia Washington, kisha Fowler kule Los Angeles. Illinois, kwa asiyepajua, ni nchi ya mahindi na soya, hakuna bahari hata ya kusingizia. Hapo ndipo wakulima na watoto wao waliposimama kutazama urithi wa Lamu, Mombasa na Unguja. Jumba la biashara lisingethubutu, maana lingehofia tiketi hazitauzika. Chuo kilikuwa na walimu wanaolijua somo, na hiyo ilitosha.

Dakika kumi mbele ya kiti kimoja

Sasa lile swali la tatu: nikiingia nifanye nini? Ushauri wangu utawaudhi wanaopenda kumaliza vyumba vyote. Zunguka haraka mara moja, chagua kitu kimoja, simama hapo dakika kumi. Na usisome kibao cha maelezo kwanza.

Tuchukue kiti cha enzi cha pwani, kile cha karne ya 19 unachoweza kukiona Lamu, Fort Jesus na katika majumba kadhaa ya ng'ambo. Mgongo wake umenyooka na unapanda hadi kichwani mwa mkaaji au kumpita. Hakina mto. Kikalio na mgongo vimesukwa kwa kamba nyembamba iliyokazwa ndani ya fremu ndogondogo za mraba, kwa hiyo hewa inapita. Mbao ni nyeusi, na juu yake vimepachikwa vipande vyeupe vya pembe ya ndovu au mfupa, vimepangwa kwa nakshi. Chini mbele kuna kibago cha kuwekea miguu.

Baada ya kuona, uliza. Anayekaa hapa anaweza kulegea? Hawezi, kiti chenyewe kinamnyoosha. Miguu yake inagusa sakafu? Haigusi, kibago kimeiinua. Weupe ule juu ya weusi unaonekana lini vizuri? Katika chumba chenye mwanga hafifu, kama kumbi za nyumba za mawe. Mbao zimeungana vipi? Inama utazame viungo. Kikiwa hakina mtu je? Bado kinatawala chumba. Ndani ya dakika kumi umeshajua kwamba kilitengenezwa ili mtu aonekane, na starehe yake haikuwa hoja kubwa.

Hapo ndipo usome kibao. Kitakuambia mahali, wakati na vifaa. Huenda kikagusia ubishi wa wataalamu: wapo wanaouona mkono wa Misri ya masultani wa Kimamluki, wapo wanaouona wa Wareno, wapo wanaotaja India. Utausoma ubishi huo ukiwa na lako la kusema, kwa kuwa umekwisha kukikagua kiti.

Na kama wewe ni mtu wa pwani, una kitu ambacho huenda kibao hakina. Pengine bibi yako alikueleza nani alikikalia na nani hakuthubutu, au kilitolewa chumba gani bwana harusi alipoingia. Mwambie mhudumu, au mwandikie msimamizi wa maonyesho. Chuoni, maelezo ya namna hiyo hayachukuliwi kuwa usumbufu. Hupelekwa kwenye faili la kitu hicho, na mwaka mwingine mwanafunzi ataijenga tasnifu yake juu yake.

Mambo ya mlangoni

- Mkoba wa mgongoni utaachwa kwa mhudumu. Ukigeuka ghafla nao, unaangusha sanamu bila kujua.
- Penseli inaruhusiwa, kalamu ya wino mara nyingi hapana. Alama ya penseli huondoka.
- Picha za simu kwa kawaida ni ruksa, bila mwanga wa flashi. Maonyesho ya vitu vya kukopa huweza kukataza kabisa.
- Usiguse. Vidole safi navyo vina mafuta na chumvi, na shaba hukumbuka.
- Watoto waletwe. Mpe kila mmoja karatasi achore kitu kimoja, utaona nani anachoka mwanzo kati yenu.

Omba kuona kilicho ghalani

Hapa ndipo jumba la chuo linapoyazidi mengine, na ni watu wachache wanaojua. Kwa kuwa mkusanyo ni wa kusomea, vyuo vingi vina chumba maalumu ambamo kitu hutolewa ghalani kikaletwa mbele yako. Ashmolean wana chumba cha michoro ya karatasini, yenye kazi za Raphael na Michelangelo. Mtu wa kawaida huomba miadi, anaonyesha kitambulisho, ananawa mikono, anakaa mezani. Harvard wana kituo kama hicho. Hawakuulizi shahada yako. Wanataka kujua unataka kuona nini, na siku gani.

Kwa vyuo vyetu, ambavyo havina chumba cha namna hiyo au havina mtu wa kukihudumia, njia ni barua fupi kwa mkuu wa idara ya sanaa. Sema wewe ni nani, unataka kuona kazi za nani, kwa nini, na kwamba utafika siku watakayokupangia. Barua isiyotaja kitu maalumu hukaa mezani. Anayeandika "naomba kuona sanaa yenu" hapati jibu. Anayeandika kwamba babu yake alisoma Makerere miaka ya 1950 na anatafuta kazi zake, huyo hutafutiwa.

Kimefikaje hapa?

Kuna mstari mmoja ambao wageni hawausomi, nao uko chini kabisa ya kibao: namba ya kitu, mwaka kilipopokelewa, na neno kama "zawadi ya", "kilinunuliwa" au "mkopo kutoka". Ukikuta sanamu ya Benin, mji wa Nigeria, na mwaka ulio karibu baada ya 1897, jua kwamba huo ndio mwaka majeshi ya Uingereza yalipouteka na kuupora mji huo.

Vyuo vimeanza kulijibu swali hili kabla ya majumba mengi makubwa ya serikali, na nadhani ni kwa sababu wanafunzi wao waliliuliza kwa sauti. Chuo cha Jesus, Cambridge, kilikuwa na jogoo wa shaba wa Benin. Wanafunzi ndio waliodai arudishwe, na Oktoba 2021 akakabidhiwa Wanigeria. Siku iliyofuata Chuo Kikuu cha Aberdeen kikakabidhi kichwa cha Oba, yaani mfalme wa Benin, kilichokinunua mnadani mwaka 1957. Februari 2024 jumba la Fowler lilipeleka Kumasi, Ghana, vitu 7 vya Waasante, miaka 150 baada ya Waingereza kuuchoma mji huo, na vilikwenda moja kwa moja, si kwa mkopo.

Ya Uganda ni tofauti. Juni 2024 makumbusho ya akiolojia na anthropolojia ya Chuo Kikuu cha Cambridge yalipeleka Kampala vitu 39 vilivyokuwa Uingereza tangu enzi za ukoloni, vingi vikiwa vimepitia mikononi mwa wamisionari. Wataalamu wa Uganda walishiriki kuvichagua. Lakini vilikwenda kwa mkopo wa miaka 3 kwa kuanzia, kwa hiyo kwenye karatasi mwenye mali alibaki Cambridge. Wapo waliolipokea kama hatua ya kwanza, wapo waliouliza inakuwaje mtu akopeshwe chake. Ukipita Makumbusho ya Uganda, pale Kitante, mwulize mhudumu mkopo huo umefikia wapi.